Matairi ya Nyuma ya Gari la Hatibu

Siku ambayo Hatibu alilipandisha gari lake Soni naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa chini ya lori la mboga, mgongo wangu juu ya gunia lililolowa, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa miguu ya watu ikikimbilia upande mmoja. Ilikuwa siku ya soko. Nikadhani amekamatwa mwizi. Nikatambaa nikatoka, nikafuta mikono, nikawafuata.

Katikati ya watu kulikuwa na gari jekundu, fupi, paa lake halinifiki begani. Lilikuwa na milango miwili na viti viwili tu. Taa zake za mbele zilikuwa zimejificha ndani ya bodi; Hatibu akabonyeza mahali zikachomoza, na akina mama wauza kabichi wakacheka mpaka wakashikana. Kisha mzee mmoja akamwomba afungue boneti tuone. Akafungua. Ndani hamkuwa na injini. Mlikuwa na tairi la akiba na rejeta, basi.

"Hatibu, mwanangu," yule mzee akamwambia kwa huruma, "hao watu wa Dar wamekuuzia gari halina injini."

Hatibu akacheka pamoja na watu, akazunguka nyuma ya viti, akainua mfuniko mwingine. Injini ilikuwa pale, imelala katikati, kati ya viti na buti. Akaeleza kwamba Wajapani wameliunda hivyo makusudi, uzito ukae katikati ili gari likate kona upesi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilijua hayo yote kabla hajafungua mdomo, na hapo ndipo kifua changu kilipoanza kubana.

Nikueleze tulivyokuwa. Mimi nilizaliwa Mgwashi, lakini nilikulia Soni kwa shangazi yangu, na Hatibu nilikaa naye dawati moja. Sisi Walutheri, wao Waislamu, na sikukuu zao tulikula kwao na zetu walikula kwetu. Tulipokuwa vijana wa miaka kumi na saba hivi, duka moja la vipuri lilitundika kalenda ya magari. Ukurasa wa Agosti ulikuwa na gari la namna ile ile, toleo la zamani kidogo. Mwaka ulipokwisha nilimwomba mwenye duka anipe ukurasa ule, nikaubandika juu ya kitanda changu. Nilimwambia Hatibu kuwa siku moja nitaliendesha gari lile kutoka Mombo mpaka Lushoto. Yeye akasema angependa zaidi kuwa na lori, maana lori linabeba karoti.

Kwa ajili ya ukurasa ule nilikwenda Tanga kujifunza ufundi kwa Mzee Shemdoe, Mshambaa mwenzetu mwenye gereji huko. Nikarudi Soni nikafungua gereji yangu. Miaka ikaenda. Nikaoa, nikapata watoto watatu, nikawa natembelea pikipiki kuukuu huku nikitengeneza magari ya wenzangu. Hatibu akalima pilipili hoho na karoti, misimu miwili mfululizo ikamkubali, akaenda Dar es Salaam kutafuta lori. Kwenye yadi ya magari yaliyotumika akakutana na hili. Lilikuwa limekaa pale muda mrefu. Nani anunue gari lisiloweza kubeba hata gunia moja la mchele? Muuzaji alitaka liondoke. Hatibu alilipata kwa bei ambayo kwetu hununui hata pikapu iliyochoka.

Angenipigia simu, ningekwenda naye. Ningeweza hata kujibana nikalinunua mimi. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza nimesimama katikati ya wale wanaopiga makofi. Akanifuata, akanishika mkono, akasema, "Elia, umeliona?" Uso wake ulijaa furaha. Nikamwambia hongera. Neno lilitoka kavu, nikajifanya nakohoa.

Mwanangu, watu wanadhani wivu ni hasira. Mimi nakwambia haukuja kama hasira. Ulikuja kama kazi ya ziada. Nilianza kusikiliza. Nikiwa nafunga nati niliweza kutambua mlio wa injini ile tangu ikiwa mbali, kabla mtu mwingine hajausikia, na mkono ulisimama wenyewe. Nilijua anapita saa ngapi kwenda shambani na anarudi saa ngapi. Nikawa nasema maneno madogo kwa wateja: gari lile si la milima yetu, likimaliza mwezi mmoja niiteni mwongo. Wakicheka nilipata nafuu kama mtu aliyekuna upele. Nilikuwa nikiomba, ndiyo, nasema niliomba, nisikie siku moja limevutwa kwa kamba mpaka gerejini kwangu, Hatibu amekaa ndani kaona haya.

Mke wangu Naomi aliuona wivu huo kabla yangu. Jioni moja tukila akasema, "Baba Upendo, tangu tukae mezani hujaniuliza juu ya watoto. Umelitaja gari la Hatibu mara nne." Nikamjibu kuwa mimi ni fundi, magari ndiyo kazi yangu. Akakusanya vyombo.

Wiki kadhaa baadaye Hatibu alilileta nilikague. Alikuwa na safari ya kumpeleka mkewe, Zubeda, kwa mama yake Mombo. Zubeda alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake kilikuwa jirani na stendi, na mikono yake ilisifiwa mpaka Lushoto. Sare za kwaya yetu ya usharika alizishona yeye, Mwislamu, na hakuna aliyeona ajabu. Nililipiga jeki lile gari, nikaingia chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona kwa chini. Yale mabomba marefu ya maji yanayotoka kwenye rejeta mbele mpaka kwenye injini yalikuwa mazima, hayana kutu. Injini ilikuwa safi. Aliyelitunza Japani alilitunza haswa. Nisikufiche, uzima ule uliniuma. Nilikuwa nimeingia chini nikitafuta ubovu, na kila nilipopapasa nilikuta pazima.

Kisha nikayafikia matairi ya nyuma. La kushoto lilikuwa limeisha kabisa kwa ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni. La kulia lilikuwa la aina nyingine, gumu kama ubao kwa uzee. Ya mbele yalikuwa mazuri.

Mzee Shemdoe alinifundisha jambo hili Tanga, na alilirudia mara nyingi. Gari lenye injini nyuma ya viti halisamehe kama haya mengine. Ukiingia kwenye kona na mwendo, hasa barabara ikiwa na maji, kisha ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, yaani ukaondoa mguu, uzito unakimbilia mbele, nyuma panakuwa pepesi, na mkia unazunguka kabla hujajua. Kama matairi ya nyuma ni mabovu, halikupi hata nafasi ya kujuta. Na mwanangu unaijua barabara ya Soni kushuka Mombo. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo na mto chini.

Nikatoka chini. Hatibu alikuwa amekaa kwenye kreti, anasubiri. Akaniuliza moja kwa moja, "Niambie, Elia. Kuna kitu?"

Nilifuta mikono yangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasema, "Liko sawa."

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani kwa miaka zaidi ya ishirini. Usidhani nilitaka afe. Nilimtakia aibu kidogo: gari liteleze, liingie mtaroni, watu wacheke, na taa zile zinazochomoza zijae tope. Nilijiambia mvua yenyewe haijaanza. Nilijiambia Hatibu haendi kasi. Nilijiambia kila kitu isipokuwa kilichokuwa kweli, kwamba nimeyaona matairi na nimeamua kunyamaza.

Asubuhi ya safari kulikuwa na manyunyu na ukungu. Niliusikia mlio wake tangu juu. Wakapita mbele ya gereji polepole, kwa sababu palikuwa na mkokoteni mbele yao, na Zubeda akashusha kioo akanipungia mkono. Ningeweza kuinua mkono wangu nikawasimamisha. Walikuwa karibu kiasi kwamba niliona rangi ya kanga yake. Niliinama kwenye injini niliyokuwa naitengeneza, nikakaa nimeinama mpaka wakapita.

Haikupita saa moja, dereva wa basi dogo lililotoka Mombo akasimama akatuambia kuna gari jekundu limezunguka kwenye kona kule chini. Nilipanda pikapu na watu wengine. Nilikuwa nasali sala nyingine sasa.

Gari lilikuwa limegeuka, limetazama lilikotoka. Mkia wake ulikuwa umejibamiza kwenye ukuta wa mlima. Lingezunguka kwa upande wa pili lingekwenda mtoni. Hatibu alikuwa amesimama kwenye manyunyu bila kiatu kimoja, hana jeraha. Zubeda alikuwa amekaa kwenye jiwe, amekipakata kiganja chake cha kulia kama mtu aliyebeba kifaranga, na kiganja kilikuwa kimeelekea kusikofaa.

Tulimpandisha kwenye pikapu. Hatibu alinishika bega, akaniambia maneno ambayo nisingemtakia adui yangu ayasikie. Alisema, "Kama usingelikagua juzi, ningesema gari lilikuwa bovu. Kumbe ni mimi. Sijui kuendesha. Mke wangu nimemvunja mimi mwenyewe."

Nami nikanyamaza tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, mwanangu. Mara ya kwanza gerejini, mara ya pili walipopita, mara ya tatu pale kwenye kona.

Mkono wa Zubeda uliunga, lakini kiganja hakikurudi kuzunguka kama zamani. Alishindwa kushika mkasi. Cherehani yake ikafunikwa kitambaa pale kibarazani, na mtu yeyote aliyepita stendi aliiona. Hatibu hakutaka tena kulitazama lile gari. Lilikuwa limevutwa mpaka kwangu, likakaa nyuma ya gereji kwa miezi, majani ya mkaratusi yakilidondokea. Halafu siku moja akaja, akasema nilichukue. Akasema, "Wewe ndiye uliyelipenda tangu zamani. Nakumbuka ule ukurasa wako. Nipe chochote ulicho nacho, liondoke machoni pangu."

Na mimi nikalinunua. Ungedhani mtu angekataa. Sikukataa. Nilijiambia namsaidia. Nilinyoosha bodi, nikapaka rangi, na kitu cha kwanza nilichobadilisha, unakijua. Niliagiza matairi manne mapya kutoka Tanga, ya nyuma mapana kuliko ya mbele kama inavyotakiwa. Nikalipeleka Mombo, nikageuka, nikalipandisha mpaka Lushoto kama nilivyoahidi nikiwa kijana.

Nitakwambia kweli: lilikuwa tamu. Usukani ulikuwa mwepesi, injini ilinguruma nyuma ya masikio yangu, na kona zile nilizozijua maisha yangu yote zilionekana kama zimetengenezwa kwa ajili yangu. Utamu ule ulidumu mpaka ile kona moja. Kwenye ukuta wa mlima palikuwa bado na mkwaruzo wa rangi nyekundu. Baada ya hapo nilikuwa naendesha tu.

Mzee Shemdoe wakati huo alikuwa amestaafu, amejenga Lushoto. Nilikwenda kumwonyesha gari. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anisifu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akalizunguka taratibu na fimbo yake. Alikuwa amesikia habari za ajali. Akaniuliza nani alikuwa akilitengeneza. Nikasema mimi. Akauliza lilikuwa na matairi gani siku ile. Nikamweleza, la kushoto hivi, la kulia hivi, na nilipofika katikati ya maelezo nikasikia mwenyewe ninachokisema. Niliyajua matairi yale vizuri mno kwa mtu aliyeyaona baada ya ajali tu.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Wewe uliyaona."

Akaendelea, "Elia, nilikufundisha kazi, na nusu ya kazi yetu ni kusema. Fundi asiyejua akikosea, nitamfundisha. Wewe ulijua. Sina cha kukufundisha." Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nikampa. Akasema, "Gari liache hapa. Kawaambie, wote wawili, wakiwa wamekaa pamoja. Usiende na zawadi. Ukienda na zawadi utakuwa unanunua."

Nilipanda basi kurudi Soni. Niliwakuta nyumbani, Hatibu anamenya viazi kwa sababu mkewe hawezi. Niliwaambia kila kitu: kalenda, makofi ya sokoni, matairi, na ile asubuhi. Nilipomaliza, kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwa Hatibu na maganda yananing'inia.

Aliyesema kwanza ni Zubeda. Alisema, "Nilikupungia mkono, shemeji. Nikamwambia Hatibu, mbona Elia hatuoni."

Hatibu aliweka kisu chini kwa uangalifu. Akaniambia, "Ondoka. Sitakufanya kitu. Lakini ondoka hapa kwangu."

Nikaondoka. Habari zilienea, maana sikuwaomba wazifiche. Wateja wengi walihamia kwa fundi mwingine, na walikuwa na haki. Naomi hakuniacha, ila kwa miezi mingi alikuwa akinitazama kama anayenisoma upya.

Mzee Shemdoe aliposikia nimewaambia alinirudishia ufunguo, na lile gari nililiuza kwa daktari mmoja kijana wa Tanga. Ilichukua muda, kwa sababu kila aliyekuja nilimkalisha nikamweleza ajali yote, ubavu gani umenyooshwa, na namna ya kushika kona bila kuachia mafuta ghafla. Wengi waliondoka. Yule daktari alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kukutana na muuzaji wa namna hiyo. Fedha nilizopata, Naomi alikwenda nazo kununua cherehani ya umeme, inayokipumzisha kiganja kidogo, akampelekea Zubeda. Nilikumbuka neno la Mzee Shemdoe kuhusu zawadi, nikaona aibu, lakini nilikuwa nimekwisha kusema kweli kwanza. Zubeda aliipokea. Aliiacha ndani ya boksi lake mwaka mzima kabla hajaifungua.

Miaka ikapita, mama yangu akafariki. Tulimzika Mgwashi, siku ya mvua kubwa. Tulipokuwa tunafukia kaburi nilihisi mtu amenipokonya sepetu mkononi kwa nguvu. Alikuwa Hatibu. Alifukia mpaka mwisho bila kunitazama, kisha akanipa pole kwa Kishambaa kama tulivyozoea utotoni, akashuka zake. Tangu hapo tunasalimiana, tunatembeleana. Sasa ana lori, na hulileta kwangu. Lakini nikimwambia liko sawa, Hatibu huchuchumaa mwenyewe, mzee wa watu, magoti yakimuuma, akapapasa matairi kwa ndani. Mimi husimama pembeni nikamsubiri. Sijawahi kumwambia asifanye hivyo, na sitamwambia.

Nimekueleza haya, mwanangu, kwa sababu juzi nilikusikia ukimzungumzia rafiki yako aliyenunua gari la namna hii kupitia mtandaoni. Ulisema, "Tutaona litamfikisha wapi." Ulisema ukicheka, lakini cheko lile nalijua. Mimi nililicheka kabla yako, hapa hapa Soni.

Kutamani gari si kosa. Litamani. Kama unaweza, litafute lako, na usiwaogope wanaosema halibebi mchele. Mtu ana haki ya kupenda kitu kwa sababu tu ni kizuri. Ila bei nafuu isikulewishe. Lala chini ulitazame, papasa yale mabomba marefu ya maji, tazama matairi ya nyuma kwa upande wa ndani, na siku za ukungu tulia. Na mwenzako akilipata kabla yako, na moyo ukakubana, usijidanganye kuwa haukubani. Kubali. Mwambie mkeo, mwambie Mungu wako, hata mwambie yeye mwenyewe: nakuonea wivu. Ukishautoa kwa mdomo wako, unapungua. Mimi niliuweka ndani, na mkono wa mwanamke asiyenikosea kitu haukupona mpaka leo.

Kisha mpigie simu huyo rafiki yako. Muulize kama kuna mtu amemkagulia matairi. Kama hakuna, mlete kwangu, nitayakagua mimi, nawe utakuwa umesimama hapo unasikia ninachomwambia.

Mungu akujalie furaha ya kitu chako hata kikiwa kidogo, na aulainishe moyo wako unapoona kikubwa cha mwenzio. Akulinde ukishuka Mombo na ukipanda. Nenda, mwanangu, nenda salama, na simu hiyo ipige kabla mvua haijaanza.